Mikanda ya injini ya Ducati: kava la wazi au lililofunga? Nimekuta kokoto ndani ya kava lililofunga

#1 Mtembezi (Nairobi)

Wakuu, salamu kwenu. Nina Ducati Monster 796 ya mwaka 2011, niliyoinunua mkononi miezi minne iliyopita, na leo naomba ushauri wenu kabla sijaharibu kitu.

Kwa wasioifahamu injini hii, haina cheni ya taimingi iliyofichwa ndani kama pikipiki nyingi. Upande wa kulia kuna mikanda miwili ya mpira yenye meno, mmoja kwa kila silinda, na ndiyo inayozungusha kamshafti, yaani shafti zinazoendesha vali. Mikanda iko nje kabisa, haiguswi na oili, na kinachoitenganisha na barabara ni kava la plastiki peke yake. Silinda moja imesimama chini ya tangi, nayo nyingine imelala kuelekea mbele, kichwa chake kikiwa nyuma tu ya tairi la mbele, mahali ambapo kila kinachorushwa na tairi hupita.

Rafiki yangu aliyeko ng'ambo yuko tayari kuniletea makava ya nyuzi za kaboni yaliyokatwa madirisha makubwa, kiasi kwamba mkanda na puli (magurudumu yenye meno yanayoushika mkanda) vinaonekana vikizunguka. Yamenivutia sana. Lakini Jumamosi nilipofungua makava ya kiwandani ili kuyalinganisha na picha, chini ya kava la silinda ya mbele nilikuta kokoto lenye ukubwa wa punje ya mbaazi, likiwa limelala juu ya unga mweusi laini kama masizi. Nilipougeuza mkanda taratibu kwa kuzungusha tairi la nyuma gia ikiwa ndani, niliona ukingo wake wa nje umeanza kutoa nyuzi kwa urefu wa kama ncha ya kidole.

Swali langu ni hili: ikiwa kava lililofunga limeruhusu kokoto kuingia, kisha likalizuia kutoka, faida yake ni ipi? Je, kava la wazi lisingeliachia likaenda zake? Njia zangu ni Magadi, Namanga, na mara chache changarawe ya huku Kajiado.

#2 FundiNgarenaro (Arusha)

Ndugu Mtembezi, suala la kava litasubiri. Kwanza usiiwashe hiyo pikipiki tena mpaka mikanda yote miwili ibadilishwe.

Nieleze sababu, maana wengi huchukulia mkanda uliotoa nyuzi kama tairi lililoisha kidogo. Katika injini hizi vali haifungwi na springi kama tulivyozoea. Inafunguliwa na roka moja (mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na kamshafti) na kufungwa na roka nyingine, na roka zote mbili zinafuata kamshafti. Mkanda ukiruka meno machache tu, vali itakuwa imeshuka wakati pistoni inapanda, vikutane. Hapo hutanunua mkanda, utanunua vali, pengine pistoni na kichwa cha silinda pia. Ukingo unaotoa nyuzi ni ishara kwamba kamba za ndani zinazobeba mzigo wote zimeanza kukatika.

Kisha uniambie: mikanda hiyo ilibadilishwa lini? Mashine za zamani za kampuni hiyo zilikuwa na utaratibu wa kubadili kila miaka 2 hata kama hazijatembea, na za baadaye nyingine zimepewa hadi miaka 5. Kitabu cha mashine yako ndicho kinachotawala, ila mkanda huzeeka hata pikipiki ikiwa imesimama sebuleni.

#3 ChumaKitupu (Dar es Salaam)

Namuunga mkono fundi kuhusu kubadilisha. Kuhusu kava, mimi ni mtu wa kava la wazi na ninasimamia hapo.

Kava lililofunga linaficha ugonjwa. Mtembezi ametembea miezi minne na mkanda unaochanika, na angeendelea hivyo hivyo kama asingevutiwa na picha za rafiki yake. Angekuwa na madirisha, kila asubuhi angeuona mkanda wake kabla hajavaa kofia. Mimi kabla ya kuwasha napiga tochi kwenye puli zote nne, nusu dakika tu, na ninajua hali yake. Pili, joto: silinda hizi zinapozwa kwa upepo, foleni ya Ubungo saa nane mchana si mahali pa kufungia mpira ndani ya boksi la plastiki. Tatu, kokoto. Kilichoingia lazima kipate njia ya kutoka.

#4 Salama_Maskati (Maskati)

Ndugu zangu, mimi nina ushahidi wa upande wa pili, tena wa mkononi mwangu.

Niliweka makava ya wazi kwenye Scrambler 800 yangu, injini ya jamaa moja na hiyo ya Mtembezi, nikatembea nayo mwaka mzima huku Oman, kwenye lami nzuri kabisa, sikuwahi kuiingiza mchangani. Wakati wa servisi fundi aliniita nikaona mwenyewe. Mikanda ilikuwa haina mchaniko wowote. Tatizo lilikuwa kwenye puli. Puli hizi ni za alumini na zimepakwa ngozi ngumu ya kijivu juu yake. Kwenye vilele vya meno ile ngozi ilikuwa imelika, alumini inang'aa kama sarafu mpya, na ukipitisha ukucha unasikia makali. Mchanga mwembamba wa jangwani, ambao hata huuoni ukiruka, ulikuwa umekaa kati ya mkanda na puli na kufanya kazi ya msasa kwa miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo kaka Chuma, ile tochi yako ya asubuhi inakuonyesha mgongo wa mkanda. Haikuonyeshi meno, na meno ndiyo yanayokula na kuliwa. Nimerudisha makava yaliyofunga, na puli mpya zilinigharimu zaidi ya makava yale mazuri.

#5 BodaMoro (Morogoro)

Habari zenu. Mimi si mtu wa Ducati, naendesha bodaboda, ila mjadala huu tunao kila siku kijiweni kuhusu boksi la cheni. Pikipiki zetu nyingi zinakuja na boksi linalofunika cheni yote. Nilipolifungua langu baada ya masika, ndani kulikuwa na uji mzito wa oili na mchanga, na cheni ilikuwa inapita humo mzunguko mzima. Nililitoa, cheni yangu ikawa wazi, ninaisafisha kwa brashi kila Jumapili na sproketi zimedumu kuliko zamani. Kwa hiyo ninamwelewa Mtembezi: boksi likiingiliwa na uchafu linageuka kuwa kinu.

#6 MzeeKilindini (Mombasa)

Kijana wangu wa Morogoro, umesema vizuri kwa cheni, lakini mfano huo hauvuki hadi kwenye mkanda. Cheni inataka oili, na ni hiyo oili inayoushika mchanga ukawa uji. Mkanda wa taimingi ni mkavu, na oili ni adui yake mkubwa kuliko mchanga. Uchafu mkavu ndani ya kava huanguka chini, haugandi.

Mfano ulio karibu zaidi ni Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambazo nimezihudumia kwa miaka mingi. Nazo zina mkanda wa taimingi, na kwenye dashibodi kuna taa inayokukumbusha kuubadilisha. Watengenezaji waliufunga mkanda huo ndani ya kava, na gari hizo ndizo zinazopita Tsavo na Serengeti zikila vumbi tangu asubuhi hadi jioni. Niliyoona yakiua mikanda ile kabla ya wakati wake mara nyingi si vumbi, ni sili ya kranki (mpira unaozuia oili isitoke kwenye shafti kuu ya injini) iliyovuja ikaulowesha mkanda kwa oili, na pili ni mafundi waliofunga kazi wakaacha kava la chini pembeni kwa sababu bolti zake zinachosha kufikia. Gari iliyoachwa bila kava ikirudi, unakuta mawe yamekaa juu ya puli ya chini.

#7 Denti_wa_Injini (Dodoma)

Nashukuru kwa elimu hii. Naomba kuongeza kwamba Ducati ndio waliobuni mkanda kwenye pikipiki, na wanautumia hata kwenye Panigale, pikipiki zao za kasi, za leo, hivyo wangejua kuna hatari wangeuacha. Pia nimeona video nyingi za hayo makava ya wazi, na ule mlio wa njuga unaotoka humo ni mtamu sana. Nadhani hiyo nayo ni sababu ya kuyachagua.

#8 Msafiri_Leicester (Uingereza)

Ndugu Denti, umeleta mambo matatu na yote yanahitaji kurekebishwa, kwa nia njema.

Kwanza, Ducati hawakuwa wa kwanza. Honda Gold Wing ya mwaka 1975 ilikuwa tayari na mikanda miwili ya meno ya kamshafti. Kwa Ducati mkanda uliingia na Pantah mwishoni mwa miaka ya 1970, chini ya mhandisi Fabio Taglioni. Kabla ya hapo injini zao kubwa zilitumia shafti yenye gia za pembe, kazi nzuri sana ya macho lakini ya gharama kubwa kuiunganisha. Pili, Panigale haina mkanda. Tangu 1199 Panigale ya mwaka 2012 walirudi kwenye cheni na gia ndani ya injini, na injini zao za V4 nazo ni za cheni. Tatu, mlio wa njuga unaousikia kwenye video hautoki kwenye mkanda, unatoka kwenye klachi kavu iliyofunguliwa kava, kama zile za 916 na 996. Klachi ya 796 inakaa ndani ya oili, huwezi kuifungulia kava, na mikanda yake hata ukiiacha uchi inatoa mvumo mdogo tu unaofunikwa na sauti ya ekzosi.

Kwa upande wangu, ninatumia makava yaliyofunga kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani huku wakati wa baridi. Hata hivyo nikiri kwamba chumvi inaingia tu. Kava hizi hazina gasketi inayozunguka ukingo mzima, kuna upenyo kati yake na injini, nami kila majira ya kuchipua nakuta mstari mweupe ndani.

#9 Denti_wa_Injini (Dodoma)

Nimesahihishwa, asante mkuu. Nilikuwa nimechanganya klachi na mkanda.

#10 Mtembezi (Nairobi)

Nimefuata agizo la fundi, pikipiki imepumzika, na mikanda mipya nimeagiza. Nijibu maswali.

Aliyeniuzia anasema mikanda ilibadilishwa mwaka juzi, lakini hana risiti, na maandishi yaliyochapwa mgongoni mwa mikanda yamefutika kiasi kwamba siwezi kusoma tarehe. Nilimpigia tena jana nikamwuliza alivyoitunza. Alinieleza kwa fahari kwamba kila wiki iliosheshwa kwenye sehemu ya kuoshea magari karibu na kwake, kwa mashine ya presha, na kwamba injini walikuwa wakiipuliza kwanza mafuta ya taa ili ing'ae. Nimelieleza hili kwa sababu nilipokaribia pua kwenye kava la silinda ya mbele, harufu ya mafuta ya taa bado ipo.

#11 FundiNgarenaro (Arusha)

Basi hapo ndipo penye jibu langu, ndugu. Mafuta ya taa na dizeli huulainisha mpira, unavimba kidogo, kisha unakauka ukiwa dhaifu, na meno huanza kujisugua hadi yatoe unga. Huo unga mweusi uliouona si vumbi la barabara ya Magadi, ni mkanda wenyewe. Tena ile presha ya maji haiji na maji peke yake, inasukuma changarawe iliyokwama kwenye mapezi ya silinda (zile bapa za chuma za kupoza) moja kwa moja hadi kwenye upenyo aliousema Msafiri. Inawezekana kabisa kokoto lako halikurushwa na tairi, bali lilipelekwa na mwosha magari.

Lakini kuna jambo moja linanizuia kufunga mjadala. Umesema kilichochanika ni ukingo wa nje, tena wa mkanda mmoja. Mafuta ya taa yangeudhoofisha mkanda mzima. Ukingo mmoja ukiliwa, mimi hutazama rola. Kila mkanda una rola mbili, moja imesimama na moja inasogezwa kukaza mkanda, na zote zina beringi ndani. Ukishatoa mkanda, zizungushe kwa kidole kimoja huku sikio likiwa karibu, halafu uzitikise kushoto na kulia. Usipozipima sasa, mkanda mpya utaliwa vilevile.

#12 ChumaKitupu (Dar es Salaam)

Fundi, ninakuheshimu, lakini hapo kokoto limeachwa huru mapema mno. Kokoto la ukubwa wa mbaazi likipanda kati ya mkanda na ukingo wa puli, litaukata ukingo mmoja, wa nje, wa mkanda mmoja, wa silinda ya mbele. Ndivyo hasa alivyoeleza Mtembezi. Rola mbovu ingeacha alama mzunguko mzima, wakati yeye kataja ncha ya kidole.

#13 MzeeKilindini (Mombasa)

Chuma, hoja yako ina uzito. Hata hivyo kokoto likishapita kati ya mkanda na puli, mara nyingi jino linabonyea au kupasuka mahali palepale. Mtembezi aangalie upande wa meno mkabala na mchaniko. Na kuna la tatu ambalo hamjalitaja: mkanda uliokazwa kupita kiasi. Fundi wa mwisho aliupima kwa nini?

#14 Zuhura_W (Tanga)

Salamu. Kabla hamjaendelea na mawe, naomba tuzungumze kuhusu mikono na nguo, maana kila anayetetea madirisha anazungumza kama vile pikipiki inatembea peke yake.

Mwaka juzi nilishuhudia dada akiwa abiria nyuma ya bodaboda, ncha ya kanga yake ikaingia kwenye cheni iliyotolewa boksi. Ilimvuta mpaka akaanguka, na walilazimika kuikata kanga kwa wembe ili wamtoe. Ndugu BodaMoro, nimekuelewa kuhusu uji wa mchanga, lakini boksi lile linamlinda na abiria pia. Na haya makava ya madirisha, mtu anayefuta injini ikiwa inaunguruma, kitambaa kikinaswa na puli, kidole kitafuata. Nyumbani kwenye watoto wanaopenda kugusa kinachozunguka, mimi siyaweki.

#15 BodaMoro (Morogoro)

Dada Zuhura, umenigusa. Nimelirudisha boksi nusu ya juu, upande wa abiria. Nusu ya chini nimeiacha wazi ili mchanga udondoke.

#16 Salama_Maskati (Maskati)

Alichokifanya BodaMoro ndicho nilichokuwa nataka kumpendekezea Mtembezi kwa namna nyingine. Si lazima silinda zote mbili zivae nguo moja. Silinda iliyosimama iko juu, mbali na tairi, imejikinga chini ya tangi, na ndiyo yenye joto zaidi kwa sababu upepo hauifikii vizuri. Hiyo ipewe kava la wazi kama moyo wake unataka. Iliyolala mbele ivae kava lililofunga.

#17 Kiboko_ya_Vumbi (Mwanza)

Au aweke makava ya kaboni, kisha nyuma ya madirisha agundishe wavu mwembamba wa chuma kisichopata kutu, ule wa chujio la chai. Upepo unapita, kokoto halipiti, na mkanda unaonekana.

#18 FundiNgarenaro (Arusha)

Wazo la wavu ni zuri likiwa mezani. Kwenye injini, gundi inakutana na joto la silinda na mtikisiko wa saa nzima. Siku itakapoachia, wavu wenyewe ndio utakaoingia kwenye mkanda, na afadhali kokoto kuliko waya. Kama mtu lazima aweke, aubane kwa riveti au bolti zenye nati za kujifunga. Vumbi alilolieleza Salama litapita tu, maana hakuna chujio la chai linalozuia unga.

Mzee Kilindini, kuhusu ukazaji: kwa injini hizi za vali 2 kwa kila silinda mafundi wengi hutumia spana ya pembe sita. Ya milimita 5 ipite kati ya mkanda na rola iliyosimama, ya milimita 6 isipite. Wengine siku hizi wanaupiga mkanda kama uzi wa gambusi na kuipima sauti yake kwa programu ya simu. Zote zinafaa mikononi mwa anayezijua.

#19 Msafiri_Leicester (Uingereza)

Naafiki, na niongeze kwamba ukazaji upimwe injini ikiwa baridi. Alumini ya silinda inatanuka ikipata moto, puli ya juu inasogea mbali na ya chini, na mkanda unakazika zaidi. Aliyekaza mkanda injini ikiwa ya moto ameuacha ukiwa legelege asubuhi.

Kuhusu joto aliloanza nalo Chuma, sina hakika kwamba linamnyima mtu usingizi. Mikanda ya magari huishi ndani ya makava karibu na injini miaka mingi.

#20 ChumaKitupu (Dar es Salaam)

Magari yana rejeta na feni, mkuu. Silinda ya 796 inategemea upepo na mapezi yake. Tusiyalinganishe.

#21 Mtembezi (Nairobi)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu na nina mambo ya kuwaonyesha.

Mikanda mipya imefungwa na fundi anayeijua kazi, imepimwa kwa spana kama alivyosema FundiNgarenaro. Mkanda wa zamani niliutazama upande wa meno kama Mzee alivyoagiza. Mkabala na mchaniko kuna jino moja lenye kovu dogo, si pasuko. Halafu nilizungusha rola. Tatu zilizunguka kimya. Ile iliyosimama ya silinda ya mbele ilizunguka ikikwaruza kwa mbali, kama mtu anayesaga chumvi kwa vidole, nikaibadilisha. Kwa hiyo kokoto lina kovu lake, rola ina mkwaruzo wake, na mafuta ya taa yana harufu yake. Nawaachia wenyewe.

Makava ya kaboni nayo yamefika. Badala ya kubishana zaidi niliamua kupima. Kwenye ukuta wa ndani wa kava la silinda ya mbele, kona ya chini iliyo mbali na mkanda, nilibandika kipande cha selotepu chenye urefu wa sentimita 4, upande wa gundi ukitazama mkanda, si ukuta. Jumamosi ya kwanza nilikwenda Magadi na kurudi, zaidi ya kilomita 200, nikiwa na kava lililofunga. Jumamosi iliyofuata nilirudia njia ileile na kava la wazi.

Tepu ya kava lililofunga ilirudi na vumbi la kijivu lililoenea sawasawa, jembamba kama unga wa muhogo uliobaki kwenye ungo, na chembe tatu za mchanga. Tepu ya kava la wazi ilirudi ya kahawia, huwezi kuona upande wa pili ukiinyanyua kwenye mwanga. Nilihesabu chembe za mchanga nikafika arobaini na kitu nikaacha, na katikati palikuwa na bawa la mdudu. Kokoto, hakuna hata moja kwa safari zote mbili.

#22 Salama_Maskati (Maskati)

Hiyo rangi ya kahawia ndiyo iliyokula puli zangu. Hongera kwa kazi nzuri, kaka.

#23 ChumaKitupu (Dar es Salaam)

Kazi nzuri kweli, ila tepu ina gundi. Inashika kila kinachopita, wakati mkanda hauna gundi. Kwenye kava la wazi vumbi linaingia na kutoka. Tepu imetuonyesha kilichoingia tu. Isitoshe, ulisema huna kokoto hata moja, basi hofu ya kokoto nayo tuipunguze pande zote mbili.

#24 Kiboko_ya_Vumbi (Mwanza)

Naomba kuuliza, Jumamosi zote mbili hali ya hewa ilikuwa sawa? Vumbi la siku iliyofuata mvua si vumbi la siku kavu.

#25 Mtembezi (Nairobi)

Swali zuri. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na manyunyu hadi Kiserian, kisha pakavu. Ya pili ilikuwa kavu tangu mwanzo, na malori ya mchanga yalikuwa mengi zaidi. Sikulifikiria hilo kabla.

#26 MzeeKilindini (Mombasa)

Basi hujapima makava, umepima Jumamosi mbili. Rudia, safari hii kwa siku moja: nenda na kava moja, ubadilishe ukifika Magadi, urudi na la pili. Wiki inayofuata geuza mpangilio.

#27 FundiNgarenaro (Arusha)

Arudie, ila selotepu hapana, naomba sana. Joto la Magadi litalainisha gundi, tepu itabanduka na kuvutwa na mkanda, na yote tuliyoyaokoa tutayapoteza kwa kipande cha sentimita 4. Chukua kava la kiwandani, ulisafishe, ulipake rangi nyeupe ya kustahimili joto upande wa ndani. Kwenye nyeupe utaliona vumbi la barabara kwa ukahawia wake, na unga wa mkanda kwa weusi wake, na hutayachanganya. Gari za wazee tulizipaka hivyo ndani ya makava ya mikanda, unalifungua tu na unajua kinachoumwa.

#28 Zuhura_W (Tanga)

Na akiwa anabadilisha makava huko Magadi, asubiri injini ipoe kabla hajaingiza mkono.

#29 Mtembezi (Nairobi)

Nitasubiri, dada. Mzee, mpangilio wako nimeuchukua kama ulivyo. Fundi, tepu nimezitoa zote na nimezihifadhi kwenye bahasha. Rangi nyeupe nilinunua leo jioni baada ya kusoma mchango wako, na kava la silinda ya mbele liko dirishani linakauka. La silinda iliyosimama bado sijaamua, hilo la kaboni limekaa mezani pembeni yangu ninapoandika.